Kwenye komiki za mapenzi za makabaila na kasri za kifalme, kwa nini binti wa konti anathubutu kumdharau binti wa duki?

Kwa kawaida hathubutu, labda awe na mgongo wa kuegemea. Ngazi ya vyeo kwenye komiki hizi, chini ya ukoo wa kifalme, huwa hivi kuanzia juu: duki mkuu (karibu kila mara ndiye yule mhusika aliyezoeleka, bwana mwenye moyo baridi anayetawala kaskazini), duki, markizi, konti, vikonti, baroni. Ila shika hili: cheo ni cha baba. Binti hukopa tu heshima yake, na siku akiposwa na mrithi wa kiti cha enzi mahesabu yote yanabadilika, kwa sababu kesho yeye ndiye atakayepigiwa goti. Ndiyo maana vita vyao huwa juu ya uchumba, si juu ya cheo chenyewe.

Silaha zao ni adabu. Wa chini hamwanzishii wa juu mazungumzo, kwa hiyo kumwita kwa jina bila cheo mbele ya watu ni tusi kamili. Angalia pia mwaliko wa chai uliochelewa makusudi, rangi ya gauni inayofanana na ya mwenye sherehe, na nani kapewa dansi ya kwanza.

Halafu kuna pesa. Baroni mfanyabiashara anayemdai markizi aliyefilisika anaweza kumnyamazisha, hata kama mezani anakaa mbali naye. Binti wa baroni akimtukana binti wa duki bila deni, bila mchumba mkubwa, na asiadhibiwe, hapo mwandishi kazembea tu.