Korea ipi, ya mwaka gani?

Katika semina yangu ya kwanza ya uzamili, Seoul, nilisimama na mada niliyoiandaa kwa wiki mbili: "Somo la Korea kwa Tanzania". Nilifungua na ile kauli ambayo sote tumeisikia tangu sekondari, kwamba tulipopata uhuru tulikuwa sawa na Wakorea, wao wakapaa na sisi tukabaki. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Korea ipi, ya mwaka gani?" Sikuwa na la kujibu. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba swali lile ndilo nililokuwa nimeenda kulisomea.

Nawaandikia ninyi mnaofunga mizigo kwenda kusoma siasa na uchumi wa Asia Mashariki, iwe Seoul, Tokyo, Beijing, Taipei au hata London. Kila mwaka wadogo zangu waliopata ufadhili hunitafuta, na karibu wote wana swali moja kifuani: kwa nini wao waliweza na sisi hatukuweza? Ni swali la haki. Nililibeba mimi pia, na sijalitua hadi leo. Ombi langu ni moja tu, msilianzie. Ukilianzia, kila unachosoma unakigeuza kioo cha kujitazama wewe, na nchi uliyoifuata hutaiona.

Ichukueni hiyo kauli yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wastani wa pato la mtu Korea Kusini ulikuwa chini ya dola 200 kwa mwaka, na kwa namba hiyo kweli hawakuwa mbali na nchi nyingi za Afrika. Lakini pato ni namba moja tu kati ya nyingi. Korea hiyohiyo ilikuwa imeshapitisha mageuzi ya ardhi mwaka 1950. Mtu hakuruhusiwa kumiliki zaidi ya takriban hekta 3 za shamba, na ziada waliuziwa walioilima. Mkulima alilipa asilimia 150 ya mavuno ya mwaka mmoja, kwa awamu: asilimia 30 kila mwaka kwa miaka 5. Mwenye shamba alipewa hati ya deni ya serikali, Vita vya Korea vikaingia, mfumuko wa bei ukaila ile hati akiwa ameishika mkononi. Tabaka lililoishi kwa kukodisha ardhi likanyong'onyea. Kwa hiyo Park Chung-hee alipotwaa madaraka kwa mapinduzi Mei 1961, hakukuwa tena na mabwana wa mashamba wenye nguvu ya kumzuia. Taiwan nayo iligawa ardhi mwaka 1953, na Japani ilishagawa chini ya uvamizi wa Marekani baada ya 1945.

Halafu ongezeni mambo ya nje. Mwaka 1965 Korea ilirejesha uhusiano na Japani, ikapata dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mkopo nafuu. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyojenga kiwanda cha chuma cha Pohang, baada ya wakopeshaji wa kimataifa kuukataa mradi huo wakisema hautalipa. Ukishayajua haya, ile "sawa" ya darasani inakufa yenyewe, na unaanza kuuliza maswali yanayojibika.

Nitawapa mfano wa swali linalojibika, maana ndilo lililonitoa kwenye tope. Mwaka 1961 serikali ya Park ilizirudisha benki za biashara mikononi mwake. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, sisi tulizitaifisha zetu. Nchi mbili maskini, miaka sita tofauti, na zote zimeshika mlango wa mkopo. Sasa uliza: nani alipewa mkopo, kwa riba gani, na akishindwa alinyang'anywa nini? Korea mkopo wa bei nafuu ulifuata mauzo ya nje. Kampuni ilipewa lengo, Rais mwenyewe aliongoza kikao cha mauzo ya nje kila mwezi, na takwimu zilitoka bandarini. Namba ya bandarini ni ngumu kuipika, kwa sababu mnunuzi yuko Marekani au Japani na ama amelipa ama hajalipa. Hapo unaona kitu ambacho neno "nidhamu" tunalolipenda kwenye hotuba halikioneshi: nidhamu ile ilikuwa na kipimo, na kipimo kilikuwa nje ya uwezo wa ofisa kukigeuza. Sisemi hilo ndilo jibu lote. Nasema hilo ni swali la ukubwa wa tasnifu moja. "Kwa nini Korea iliendelea" ni swali la maisha ya watu mia.

Kuhusu nadharia sitawachosha. Mtaambiwa msome kazi ya Chalmers Johnson ya mwaka 1982 kuhusu wizara ya biashara na viwanda ya Japani, ndiko lilikopata nguvu wazo la dola, yaani serikali, inayoongoza maendeleo. Mtapewa na ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 kuhusu "muujiza" wa Asia Mashariki. Zisomeni zote mbili mkiuliza nani aliitaka na nani aliilipia. Ripoti ya 1993 ilitokana na msukumo wa Japani, mwanahisa mkubwa wa benki hiyo, aliyechoka kusikia kwamba soko huria peke yake ndilo lililomfikisha alipo. Mkilijua hilo mtaelewa kwa nini kurasa zake zinavutana zenyewe kwa zenyewe.

Lugha sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Programu nyingi za uzamili zinafundishwa kwa Kiingereza na utapata shahada bila kujua zaidi ya salamu. Mimi sikutaka hivyo. Nilisoma Kikorea kwa bidii, nikafika daraja la 4 la TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea kwa wageni, nikajiona niko tayari kwa nyaraka. Siku ya kwanza nilipofungua gazeti la mwaka 1971, macho yaligoma. Maandishi yalishuka kutoka juu kwenda chini, safu zikaanzia kulia, na nusu ya maneno hayakuwa ya alfabeti ya Kikorea niliyoijua. Yalikuwa herufi za Kichina. Neno "mauzo ya nje", *suchul*, nililolitamka kila siku darasani, lilikuwa mbele yangu zaidi ya mara kumi kwenye ukurasa mmoja, nisilione. Hakuna mwalimu aliyekuwa ameniambia kwamba Korea ya wakati huo iliandika kwa mchanganyiko. Wanafunzi wenzangu Wakorea wa rika langu nao walibabaika.

Nilichofanya ni hiki: nilikusanya maneno ya mada yangu peke yake, serikali, kijiji, saruji, mkopo, kodi, lengo, ripoti, yakafika kama 300, nikayakariri kwa herufi za Kichina miezi mitatu. Yalitosha. Huhitaji kujua Kichina kizima ili usome ripoti ya wizara, unahitaji msamiati wa ile ripoti. Anayekwenda Japani atakutana na mzigo mkubwa zaidi, na anayekwenda Taiwan akumbuke kwamba herufi za huko ni zile kamili za zamani, si zilizorahisishwa za bara.

Jambo dogo linaloendana na hilo: majina. Jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Park ndiyo ukoo. Kwenye marejeo msiandike "Kim 1998" mkaishia hapo, maana akina Kim ni wengi mno. Na jina moja linaweza kuandikwa kwa Kilatini kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo ukilikosa maktabani kwa tahajia moja, usikate tamaa, jaribu nyingine.

Wanaokwenda China wana mtego wao. Profesa akikuona unatoka Afrika Mashariki atakusogeza taratibu kwenye mada ya China na Afrika. Utaambiwa uandike kuhusu reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa 1970 hadi 1975, na utajisikia nyumbani. Mada nzuri, nchi yetu imo. Lakini nimeona watu wakimaliza miaka mitatu Beijing, hawawezi kueleza mkoa wa China unakusanyaje mapato yake, wala kilichobadilika vijijini baada ya 1978 kaya zilipopewa mashamba kwa mkataba. Wamesoma Afrika wakiwa China. Na hata hiyo China na Afrika hutaielewa bila ya ndani: baadhi ya kampuni zinazojenga barabara zetu ni mali za serikali za majimbo, na sababu za kuja kwao zinaanzia huko majimboni. Someni China yenyewe kwanza.

Na msifunge nchi moja ndani ya uzio. Septemba 1985 mataifa matano yalikubaliana kwenye hoteli ya Plaza, New York, kushusha thamani ya dola ya Marekani. Yeni ya Japani ikapanda kutoka karibu 240 kwa dola moja hadi karibu 120 katika miaka miwili na kidogo. Viwanda vya Japani vilivyoona gharama zimewapanda vikahamia Thailand na Malaysia, na bidhaa za Korea zikawa rahisi ghafla. Ukisoma Korea ya 1987 bila yeni, utampa sifa waziri kwa mvua iliyonyesha kwa jirani.

Darasani, aliyelelewa kwa shikamoo hapati taabu na heshima ya Kikorea. Mwanafunzi aliyekutangulia ni *seonbae*, unampa nafasi yake, naye anakusaidia mpaka kwenye mambo ya kukodi chumba. Nililizoea siku moja. Tatizo ni kwamba heshima ileile ilinifunga mdomo kwenye semina. Nilidhani kumpinga profesa hadharani ni utovu wa adabu, kumbe alikuwa ananisubiri. Njia niliyoipata ni kumpelekea swali kwa maandishi siku moja kabla, kwa unyenyekevu wote, kisha kulirudia darasani. Hapo nilisema nililotaka na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kuna jambo linaloniuma nikisoma makala zetu za "tujifunze kutoka Korea". Zinaruka watu. Tarehe 13 Novemba 1970, kwenye soko la nguo la Pyeonghwa, Seoul, fundi cherehani aitwaye Jeon Tae-il, miaka 22, alijichoma moto. Alikuwa akidai kitu kimoja: sheria ya kazi ifuatwe. Sheria hiyo ilikuwepo tangu 1953. Wasichana wadogo walishona saa 14 na zaidi kwa siku kwenye vyumba vyenye dari fupi usiloweza kusimama ukanyooka. Yale mauzo ya nje tunayoyasifu yalipita mikononi mwao. Ukiandika kuhusu ukuaji wa uchumi wa miaka ile bila ukurasa wa wasichana hao, umeandika nusu, na hiyo nusu ndiyo watawala wetu wanaipenda zaidi.

Tasnifu yangu mwishowe haikuwa na neno Tanzania kwenye kichwa chake. Ilihusu saruji. Majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971, serikali ya Park iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, zaidi ya vijiji 33,000, ndio mwanzo wa Saemaul, kampeni ya kuendeleza vijiji. Mwaka uliofuata, vijiji kama 16,000 vilivyoonekana kuitumia vizuri vilipewa mifuko 500 na tani moja ya nondo. Vingine havikupewa kitu. Niliposoma hayo nilifikiria Operesheni Vijiji yetu, iliyokuja miaka michache tu baadaye, nikatamani kulinganisha. Msimamizi wangu akasema: kwanza nieleze kijiji kimoja kilichokosa. Nyaraka za kampeni hiyo zipo kwa maelfu, na zimo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 2013. Lakini vijiji vilivyokosa havikuandikwa sana.

Nilikuwa napanga chumba kwa mama mmoja wa umri wa miaka 55 hivi, nyumba ya wapangaji inayotoa na chakula. Usiku mmoja nikiwa mezani na picha za nyaraka, alisoma kichwa cha habari akacheka. Alizaliwa kijijini Jeolla Kaskazini, na ile saruji aliiona ikishushwa akiwa na miaka kumi. Akaniambia barabara ilipanuliwa ikala kipande cha shamba la baba yake, bila fidia. Kwenye ripoti niliyokuwa nayo palikuwa na safu iliyoandikwa "ardhi iliyotolewa kwa hiari". Nilimwonesha. Akaiangalia kwa muda. Akasema jirani wote walikuwa wamesimama pale, mwenyekiti ameshika daftari, ungesema nini? Kisha akaeleza paa la nyasi lilivyotolewa wakaezekwa kwa vigae vya saruji, na jinsi watu wazima walivyochoma nyama ya nguruwe juu ya vipande vilivyobaki kwa sababu mafuta yalichuruzika vizuri. Miaka mingi baadaye ndipo walipoambiwa vina asbesto, madini yanayodhuru mapafu.

Ushuhuda huo haumo kwenye tasnifu yangu. Sikuwa nimeomba kibali cha kamati ya maadili cha kuhoji watu, na nilipokwenda kukiomba niliambiwa majibu huchukua wiki kadhaa, na mazungumzo yaliyofanyika kabla ya kibali hayatumiki. Wakati kibali kinatoka alikuwa amehamia kwa mwanawe Busan. Jazeni fomu hiyo muhula wa pili, hata kama hamjui bado mtamhoji nani.