Usilipie hiyo "i7" kwanza: jibu kwa orodha ya kompyuta ya gemu ya milioni mbili

Ujumbe umeingia kutoka kwa kijana anayejiandaa kwenda Kariakoo Jumamosi. Orodha yake ni hii: "Core i7, RAM 16 stiki moja, RTX 3060, SSD 256, kasha lenye pawa saplai yake ya 600W na feni nne za taa. Bajeti milioni mbili. Nataka FC, GTA V, na Valorant na washkaji. Nipitishie tu kaka."

Sipitishi, mdogo wangu. Kwenye orodha hiyo kuna kitu kimoja cha maana, nacho ni kadi ya picha. Vilivyobaki vyote vitaiangusha. Na si wewe peke yako. Wanaojenga mara ya kwanza hupanga hivyo hivyo, jina kubwa kwenye prosesa, taa kwenye kasha, pawa saplai inaambulia chenji.

Tuanze na hiyo i7. Ya kizazi gani? Muuzaji anayesema "i7" akanyamaza hajakwambia kitu. Soma namba inayofuata. i7-4770 ni ya 2013, ina kori nne (vitengo vya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), na inatumia DDR3, RAM ya aina ya zamani. i3-12100F ya 2022 nayo ina kori nne na nyuzi nane, na kwenye gemu inaiacha mbali hiyo i7 yenye jina kubwa. Zaidi ya hapo, Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya ubao, viwe vimewashwa. Washkaji watakuwa wameshaingia mechi, wewe bado unasoma ujumbe wa kosa.

i7 za bei hiyo, Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, mara nyingi zimo ndani ya zile kompyuta za ofisini zilizotoka Ulaya, zile nyembamba. Ni mashine ngumu kwa kazi yake. Ila pawa saplai yake ni ndogo, haina waya wa kadi, na mara nyingi plagi inayoingia kwenye ubao si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kubadilisha tu ukaweka nyingine. RTX 3060 haiingii humo, kwa urefu wala kwa umeme. Aliyekwisha kununua mashine ya aina hiyo atafute GTX 1650 ya kimo kifupi (low profile) isiyo na tundu la umeme juu yake. Hiyo hula wati 75 kupitia slotini na inatosha. Asilazimishe zaidi.

Wewe ambaye hujanunua bado, chukua Ryzen 5 5600 ya AMD au i5-12400F ya Intel. Zote mbili zina kori sita na nyuzi 12, na za boksi huja na feni yake ndani, basi usiuziwe kipoozi cha maji. Angalia tarakimu vizuri. Ryzen 5 5500 inafanana jina na 5600 lakini kashe yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, njia ya kadi ya kizazi cha nyuma. Herufi F kwenye Intel maana yake prosesa haina picha yake yenyewe, na 5600 ni vivyo hivyo. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Wengi hurudisha ubao dukani wakidhani umekufa.

Ubao mama, ambao mafundi wanauita mazabodi, usikupotezee hela. Kwa 5600 chukua ubao wa aina ya B550. B450 inafaa pia, ila zile zilizokaa sana rafuni zina BIOS (programu ya ndani ya ubao) iliyotoka kabla ya prosesa za mfululizo wa 5000. Dalili yake ni feni kuzunguka, taa kuwaka na picha kutokuja. Mwambie muuzaji aisasishe mbele yako, au tafuta ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kwa 12400F, ubao wa H610 unatosha, lakini soma kama ni ya DDR4 au DDR5 kwa sababu zipo za aina zote mbili. AM5, soketi mpya ya AMD, ni nzuri, lakini inakubali DDR5 peke yake, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa. Milioni mbili haikufikishi huko ukabaki na kadi ya maana.

Kwenye RAM, stiki moja ya 16 inakunyima nusu ya upana wa njia kati ya prosesa na kumbukumbu. Nunua mbili za GB 8, DDR4-3200. Ubao wenye nafasi nne unataka stiki ziwe ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukimaliza kufunga, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), la sivyo 3200 uliyolipia mara nyingi itaenda kwa 2133 au 2666 maisha yake yote na hakuna atakayekwambia.

Sasa pawa saplai, na hapa nitakaa.

"600W" iliyoandikwa kubwa kwenye kopo haina maana yoyote. Geuza ubavuni usome jedwali la kibandiko, mstari wa +12V. Prosesa na kadi karibu vyote vinakula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ukikuta 20A, hiyo ni 240W, basi. Nyingine zote zimejazwa na mistari ya 5V na 3.3V ambayo kompyuta ya leo haina kazi nayo kubwa. Piga hesabu ya orodha yako: RTX 3060 ni 170W, 5600 ikikazwa inafika 76W, hapo ni 246. Ongeza ubao, SSD, feni, unagusa 300. Tena kadi hurukaruka, kwa sehemu ndogo ya sekunde inavuta kuliko ilichoandikiwa.

Kinachotokea ni hiki. Windows inafunguka vizuri, YouTube inacheza, menyu ya gemu inakuja. Mechi ikianza tu, skrini nyeusi, mashine inajiwasha upya. Mwenyewe analaumu kadi, anabadilisha kadi, tatizo linabaki pale pale. Siku pawa saplai ya hivyo ikifa vibaya huondoka na ubao.

Nunua ya 550W yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, na mstari wa 12V usiopungua 40A. Kama imeandikwa 100-240V, hiyo ni faida kubwa kwetu. Umeme ukishuka jioni mpaka 180 itaendelea kazi bila stabilaiza. Zile za bei ya chini zina swichi nyekundu nyuma ya 115/230. Hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, kwa sababu ikiwa 115 utasikia mlio mmoja tu. Waya wa prosesa umegawanyika 4+4, wa kadi 6+2. Vinafanana, havibadilishani, usisukume kwa nguvu. Waya za kuchomoa za pawa saplai moja usizihamishie nyingine, hata za kampuni ile ile, maana upande wa kopo mpangilio wa pini unatofautiana na SSD au diski inaungua papo hapo. Na kile kiunganishi cha kugeuza plagi za zamani za diski kuwa plagi ya kadi, kiache dukani.

UPS ni ya kukupa dakika za kuzima salama. Kumalizia mechi, sahau. Usisome VA, soma wati. Ya 650VA mara nyingi haizidi wati 400. Kama kuinunua kunakula hela ya pawa saplai, anza na pawa saplai.

Kadi. Hapa uliona vizuri, lakini RTX 3060 ziko mbili. Ya GB 12 ina njia ya kumbukumbu ya biti 192, ya GB 8 ina biti 128 na iko nyuma waziwazi, ingawa jina kwenye boksi ni moja. Ukikosa ya 12 kwa bei ya haki, RX 6600 ya GB 8 inakula 132W na inacheza 1080p bila wasiwasi. Kwa mtumba, nenda na flashi yenye GPU-Z (programu ya kuitambua kadi) na FurMark (ya kuikaza). GPU-Z ikionyesha RX 580 yenye shaders (vitengo vya kuchora picha) 2048 badala ya 2304, hiyo kiuhalisia ni kama RX 570, basi lipa bei ya 570. "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA ni ya kutilia shaka tangu mlangoni, kwani chipu za GTX 10 hazitoi VGA zenyewe. Mara nyingi ni kadi ya zamani iliyoandikwa BIOS ya uongo. Kisha FurMark dakika 15. Joto likipanda likatulia chini ya nyuzi 85, sawa. Likiendelea kupanda, au vikitokea vidoti na mistari ya rangi, rudisha. Muuzaji akikataa kuchomeka, asante, tuonane.

SSD 256 haitoshi. Windows ikishakaa, GTA V peke yake inameza zaidi ya GB 100. Chukua SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye ubao, ya 1TB, saizi 2280. Kuna zenye umbo la M.2 ambazo ndani ni SATA, aina ya polepole, mara nyingi zina mapengo mawili kwenye meno, na baadhi ya mbao mama hazizisomi. Feni za taa punguza. Kasha liwe na uso wa wavu, si kioo kitupu, feni mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma. Chumba cha Dar kikiwa na nyuzi 31, kioo kinageuza kasha kuwa jiko. Pima pia nafasi ya kadi kwa sentimita kabla ya kulipa.

Kwenye kufunga, mahali watu wanapokwama ni feni ya Ryzen. Ubao unakuja na vishikizo viwili vya plastiki pembeni mwa soketi. Feni ya 5600 haivihitaji, inafungwa kwa skrubu nne zenye springi. Fungua vishikizo kwa bisibisi ya nyota huku mkono mmoja umeshikilia bamba la chuma lililo nyuma ya ubao, maana likianguka ubao unabaki na matundu manne tu. Pesti ya kupitisha joto imeshapakwa chini ya feni, usiongeze nyingine. Kaza skrubu kwa msalaba, mizunguko michache kila moja, usimalize moja kwanza. Siku ya kuitoa, washa mashine dakika kumi ipate joto, zima, chomoa waya wa ukutani, kisha izungushe kushoto na kulia taratibu kabla ya kunyanyua. Ukivuta moja kwa moja prosesa inatoka nayo na pini zinapinda.

Washa kwanza nje ya kasha, ubao ukiwa juu ya boksi lake, ukiwa na prosesa, RAM na kadi tu. Picha ikija ndipo uhamishie ndani. Hesabu vile vijiguu vya shaba chini ya ubao, kusiwe na kilichobaki mahali pasipo na tundu, kwa sababu kinagusa nyuma ya ubao na kufanya shoti.

Waya wa monita unaingia kwenye kadi, si kwenye ubao. Na kama monita yako ni ya 144Hz (picha 144 kwa sekunde), fungua mipangilio ya skrini ya Windows uichague mwenyewe, maana mara nyingi huachwa 60 bila kukuuliza.