Jibu: Boma la Tabora na ngome ya Isike

Mkuu, umeuliza kama lile boma la kilimani Tabora ndimo alimojilipua Mtemi Isike, yule mtawala wa Wanyamwezi wa Unyanyembe. Hapana, watu huchanganya sana hapo. Ngome ya Isike ilikuwa yake mwenyewe, na askari wa Kijerumani chini ya Tom von Prince waliivamia Januari 1893. Mtemi alipoona wameshaingia ndani, alikimbilia ghala la baruti akalitia moto. Mtu wa shoka yule!

Boma la kilimani walijenga Wajerumani baadaye, mahali pa kuutazama mji kwa juu. Halikuwafaa kitu, maana Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji kutoka Kongo waliutwaa mji. Siku hizi pale ni jeshini, kwa hiyo ukipita usitoe simu kupiga picha.