Stuli ndogo ilisimama, kubwa ikakunjika

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa usanifu wa bidhaa walio katikati ya miradi yao. Tumechagua nne.

Tunabuni stuli ya katoni ya milimita 3. Modeli ya skeli ya 1:5, ya katoni hiyohiyo, ilibeba jiwe la nusu kilo bila kuyumba. Stuli halisi ilipokaliwa, miguu ikakunjika. Tumekosea wapi?

Mmekosea mahali pawili, na la kwanza ni hesabu. Ukipunguza kila kipimo mara 5, eneo la mguu linalobeba mzigo hupungua mara 25. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 kwenye stuli halisi analingana na kilo 2.8 kwenye modeli. Jiwe lenu la nusu kilo lilikuwa sawa na kumkalisha mtoto wa kilo 12.5.

La pili ndilo lililowaangusha. Modeli ilipaswa kutengenezwa kwa karatasi ya milimita 0.6, kwa maana unene nao hugawanywa kwa 5. Nyinyi mlitumia ileile ya milimita 3, ambayo kwa ukubwa halisi ni ubao wa milimita 15. Ukuta bapa uliosimama ukiurefusha na kuupanua mara 5 bila kuongeza unene, mzigo wa kuukunja hushuka hadi moja ya tano. Yaani stuli kubwa ilikuwa dhaifu kuliko ile ndogo.

Modeli ya skeli ni nzuri kwa umbo na uwiano. Swali la nguvu lijibiwe kwa ukubwa halisi, na si lazima mjenge stuli nzima: tengenezeni mguu mmoja. Mifereji ya ndani ya katoni isimame wima. Ikilala, katoni hupondeka upesi. Kunjeni mguu uwe bomba la pembe tatu au la mraba, au pachikeni paneli mbili kwa msalaba, kila moja ikatwe mwanya hadi nusu ya kimo chake, wenye upana sawa na unene wa katoni. Mkiunganisha tabaka mbili, pakeni gundi nyeupe ya mbao kote, wekeni vitu vizito juu, mziache usiku kucha. Gundi ikiwa bado mbichi katoni huwa laini, na kuijaribu wakati huo ni kujidanganya.

Kisha pakieni mifuko ya mchanga, kilo 10 kwa wakati, hadi mara moja na nusu ya mzigo unaotarajiwa, kabla mtu yeyote hajakaa. Angalieni mkunjo wa kwanza unatokea wapi na muuwekee alama ya kalamu. Mkunjo huo una faida kuliko stuli iliyosimama bila kueleweka kwa nini.

Kisanduku chetu cha ubao wa povu wa milimita 5 kilitakiwa kiwe 120 × 80. Kila kipande kilikatwa kwa kipimo sahihi, lakini kimetoka 120 × 90.

Kuta fupi zimekaa katikati ya zile ndefu, na unene wa kuta mbili umeongeza milimita 10. Kateni ndefu mbili za 120 na fupi mbili za 70. Kitako kikiingia ndani ya kuta kiwe 110 × 70. Kama kifuniko cha ubao huohuo kinakaa juu ya kuta, punguzeni milimita 5 kwenye kimo cha kuta.

Wembe uwe mpya, rula iwe ya chuma. Pitisheni mara tatu: karatasi ya juu, povu, karatasi ya chini. Anayekandamiza akate kwa mpigo mmoja hurarua povu, na ukingo hutoka wenye meno.

Tulipulizia rangi modeli ya povu jeupe lile la kufungashia vifaa. Ikayeyuka na kuwa na mashimo kama sega la nyuki. Je, inaokolewa?

Haiokolewi. Povu hilo ni polistireni, na vimumunyisho vilivyomo kwenye rangi nyingi za kopo la kupuliza huiyeyusha. Gundi kali za papo hapo na gundi nyingi za viatu nazo huila. Tengenezeni nyingine, iunganisheni kwa gundi nyeupe, muisugue kwa msasa laini, kisha ipakeni gundi hiyohiyo iliyochanganywa na maji (sehemu 2 za gundi kwa 1 ya maji) mara tatu, kila safari ikauke kabisa. Malizieni kwa rangi ya maji kwa brashi. Hata baada ya hapo hatushauri rangi ya kopo, maana tundu dogo kama ncha ya sindano latosha kuipitisha. Kama hamna budi, jaribuni kwanza kwenye kipande cha mabaki.

Mhimili wa milimita 8 hauingii kwenye tundu la milimita 8 tulilochapisha kwa printa ya 3D. Je, printa ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Matundu ya printa hizi kwa kawaida hutoka madogo kidogo, kwa sababu plastiki ya moto hutanuka kuelekea ndani ya duara na kusinyaa ikipoa. Tabaka la kwanza nalo huvimba pembeni, jambo ambalo mafundi huliita mguu wa tembo. Isitoshe, vitu viwili vya milimita 8 kamili haviingiani bila kugongwa.

Kabla ya kuchapisha kifaa kizima, chapisheni kibao chenye matundu ya 8.1, 8.2, 8.3, 8.4 na 8.5. Ingizeni mhimili kwa mkono, mchague tundu linalofaa, mkiandike kipimo chake pamoja na jina la printa na aina ya plastiki, maana printa ya pili itatoa jibu lingine. Na kama kifaa kina ulimi wa kubana, yaani kijipande kinachopindika kisha kunasa, mchapishe ulimi huo ukiwa umelala. Ukisimama, tabaka zake hupangana kama sahani na huachana pale pale unapopindwa.