Re: Anadai ana video yangu, anataka bitcoin

Pole ndugu. Barua pepe inayokutajia nywila yako ya zamani na kutishia kusambaza "video" inatisha kweli. Mimi nilipoipata sikulala. Lakini karibu kila mara hakuna video. Nywila huwa tapeli ameiokota kwenye orodha zilizovuja kutoka tovuti uliyojisajili zamani. Na barua hiyo kuonekana imetoka kwenye anwani yako mwenyewe? Anwani ya mtumaji hughushiwa kirahisi.

Usijibu, usilipe hata senti, ukilipa atarudi. Kama nywila hiyo bado unaitumia popote, ibadilishe leo, uanze na barua pepe yenyewe, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili (yaani ukiingia unaombwa uthibitisho wa pili mbali na nywila). Ila akikutumia picha yako halisi, usifute chochote. Nenda polisi nayo.