Vokoda inameza maneno ya kiitikio
Ndugu, umesema kiitikio chako cha "Nani anasikiliza?" hakieleweki ukikipitisha kwenye vokoda, kifaa kinachoipa sauti ya sintesaiza (ala ya kielektroniki) umbo la maneno yako. Tatizo liko kwenye sauti ya sintesaiza unayoilisha vokoda. Herufi s, z, f na sh ni mvumo wa juu, nyingi kama hezi 4,000 na zaidi (sh huanza chini kidogo), na wimbi laini halina kitu huko. Ndiyo maana "anasikiliza" inatoka kama "anaikilia". Tumia wimbi la msumeno (lenye mivumo mingi ya juu), ongeza kelele nyeupe kidogo (mvumo kama "shhh"), weka bendi 16 au zaidi, yaani vipande ambavyo vokoda hugawa sauti. Kisha nakili sauti yako halisi, kata yote yaliyo chini ya hezi 4,000, uichanganye taratibu mpaka konsonanti zirudi.

Beti ziache bila vokoda kabisa! Wimbo wa kupinga serikali kupeleleza raia lazima ueleweke kila neno.

Kwenye mashairi, "wanatuona" ni hafifu mno. Taja wanachokusanya: namba uliyopiga, saa, maongezi yalichukua dakika ngapi, mnara ulioshika simu. Hayo yanatosha kumchora mtu bila kusikia neno lake hata moja. "Saa nane usiku, dakika nne, mnara wa pili" itakaa vizuri juu ya besi ya mapigo 118 kwa dakika.