Yoga, dagaa na usingizi uliorudi: kwa wanawake ambao hedhi inawaaga

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba ana miaka 49, hedhi yake imeanza kuruka miezi, usiku analowa jasho hadi anabadilisha kanga, na mchana anawagombeza wanawe kwa jambo dogo kisha anajifungia chumbani na kulia. Aliuliza kama yoga inaweza kumfaa. Ninamjibu hadharani kwa sababu najua wengi mnapitia hayohayo na mmenyamaza.

Yangu yalianza msimu wa kaskazi hapa Dar es Salaam, wakati kila mtu analalamikia joto, kwa hiyo hakuna aliyeniamini niliposema kwamba langu linatoka ndani: linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi usoni, moyo unakwenda mbio, kisha jasho linapoa ghafla na mwili unatetemeka. Katika kituo cha afya nilichokwenda, aliyenipokea alinitazama akasema, "Mama, huo ni uzee tu," akamwita mgonjwa mwingine. Neno lile linaniuma hadi leo. Nilistahili kuelezwa kwamba ovari zangu zilikuwa zinapunguza homoni ya estrojeni, kwamba kupungua huko kunaivuruga sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na kwamba mifupa nayo huanza kupoteza uimara wake kwa kasi katika miaka hiyohiyo.

Yoga nilifundishwa na jirani yangu wa Upanga, mama wa Kihindi aliyeizoea tangu ujana wake. Kila usiku ninatandika mkeka kando ya ukuta, ninakunja kitenge na kukiweka chini ya nyonga, ninainua miguu na kuiegemeza ukutani, kisha ninavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, mpaka taya na mabega vilegee. Joto halikuniisha, na anayekuahidi kwamba yoga italifuta kabisa asikuchukulie fedha zako. Kilichorudi ni usingizi, na mtu aliyelala hawezi kuwa na hasira za mtu aliyekesha. Asubuhi ninasimama kwa mguu mmoja kama mti, nikishika kiti, ili mwili uzoee kutoyumba na mapaja yapate nguvu, kwa kuwa mwanamke mwenye mifupa dhaifu akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Kama umeshaambiwa kwamba mifupa yako imepungua uimara, usifanye mikao ya kuinama kwa kuukunja mgongo.

Dada wa Tanga aliuliza pia kama yoga inagongana na dini. Mimi ninaswali swala zangu tano, nami ninachukua mazoezi ya viungo na pumzi peke yake, na moyo wangu umetulia.

Chakula, wanawake wenzangu, ndipo tunapojidhulumu. Tunawapakulia waume na watoto vinono, sisi tunabaki na ugali na mchuzi wa mwisho, ilhali mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kupata takriban miligramu 1,200 za kalisi, madini yanayoimarisha mifupa, kwa siku. Kalisi hiyo haihitaji duka la vidonge la bei kubwa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, mtindi, ufuta na uji wa wimbi vinayo kwa wingi. Gramu 100 za wimbi pekee zina zaidi ya miligramu 300. Mchicha ni mzuri, lakini una oksalati, kemikali za asili zinazoizuia kalisi isifyonzwe vizuri mwilini, kwa hiyo upike kwa zamu na sukuma wiki. Kunde na maharage vitunze misuli yako. Pilipili na chai ya moto sana ya jioni ndivyo vilivyokuwa vikiniamshia joto, nami nimeviacha bila kuvijutia. Wewe chunguza vyako.

Mlo na mkeka havichukui nafasi ya daktari. Yapo matibabu ya homoni kwa wanaoteseka zaidi, na una haki ya kuyaulizia hata ukijibiwa kwa dharau, ukahamia kwa daktari mwingine anayesikiliza. Na ikiwa umekaa miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone, usiseme hedhi imerudi: nenda hospitali upimwe wiki hiyohiyo.